Kidonda Hakianikwi

Mahindi ya Rukaya yalijaa turubai zima, na katikati ya mahindi alilala paka.

Rukaya aliyageuza mahindi kwa miguu, polepole, ili yakauke pande zote. Alipomfikia paka alimzunguka, akaendelea na kazi. Paka mwenyewe hakuwa na habari. Alijinyoosha juani kama mwenye shamba.

"Mama Hamisa," Mustapha, mume wake, alimtania kutoka barazani, "na huyo naye akikauka tumpeleke mashineni?"

"Mwache. Huyo ndiye askari wa ghala lako."

Hapo Rukaya alisema kweli. Kabla paka huyo hajaletwa, panya wa kijiji cha Kwaluguru walikula mahindi ya Mustapha kuliko Mustapha mwenyewe. Sasa hata gunia lililotoboka lililala salama. Paka alikuwa mweupe pe, tangu masikio mpaka mkia, na Rukaya alimwita Singa.

Jina hilo lilitoka kwao. Rukaya alizaliwa upande wa Magoma, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge. Kazi ya baba yake ilikuwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Singa hutoka mashineni mbichi, zina rangi ya majani na zinanuka. Zikishinda juani hugeuka nyeupe na kung'aa. Baba yake alizoea kusema kwamba jua ni sabuni ya Mungu, na Rukaya aliyashika maneno hayo. Godoro likilowa, juani. Kunguni wakiingia kitandani, kitanda juani. Mafua yakimpata mtu, akaote jua.

Mustapha yeye aliamini salamu. Hakuna jambo lililoanza mbele yake kabla ya salamu kwisha. Hata nyumba yake ingeshika moto, angemuuliza kwanza mwenye ndoo ya maji kama watoto hawajambo. Majirani walimcheka, lakini walimpenda.

Basi mambo yalikwenda hivyo mpaka Singa alipootwa na kidonda puani.

Kilianza kama kigamba kidogo, mwisho wa masika. "Atakuwa ameng'atwa na panya," Rukaya alisema, akakiosha kwa maji ya chumvi. Kigamba kilibanduka, damu ikatoka kidogo, kigamba kingine kikaota. Ncha za masikio nazo zikawa nyekundu, na manyoya yake yakapukutika. Rukaya akafanya kile alichojifunza kambini. Kila jua lilipopanda, alimfunika Singa kwa tenga la kuku katikati ya uwanja, ili kidonda kikauke.

"Vumilia, mwanangu," alimwambia. "Kila kibichi hukauka."

Kidonda hakikukauka, kilizidi kuchimba. Singa akipiga chafya, vitone vya damu vilibaki kwenye mahindi.

Wakati huohuo simu ikapigwa kutoka Handeni mjini. Hamisa, binti yao, alikuwa amejifungua salama mtoto wa kike. Angekuja kupumzika kwa mama yake mpaka arobaini ya mtoto ipite. Rukaya alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mustapha alimshukuru Mungu, kisha akamtazama Singa, na furaha ikamtoka usoni.

"Paka huyu hawezi kukaa nyumba moja na mtoto mchanga," alisema. "Tazama pua inavyoliwa. Huu ni ukoma. Kama si ukoma, ni kansa. Utamwambukiza mjukuu wangu."

"Kwa hiyo tumfanyeje?"

"Nitampeleka Mombo."

Rukaya alijua maana yake. Watu wengi wa huku hawaui paka, wanaogopa dhambi na mkosi. Paka asiyetakiwa hutiwa kwenye gunia, akapandishwa basi, akaachwa mbali asikoweza kurudi. Wengi huwaacha Mombo, pale mabasi yanaposimama na abiria wakanunua chakula. Watu hujiambia kwamba paka ataokota mifupa na kuishi kwa raha. Hakuna aliyewahi kurudi kuangalia kama ni kweli.

"Baba Hamisa, mgonjwa hafukuzwi," Rukaya alimwomba.

"Simfukuzi. Namhamisha. Siku Hamisa atakayoingia humu, nisimkute paka huyu."

Alichukua gunia tupu, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Tangu hapo, kila Rukaya alipofunga mlango, alikutana na lile gunia. Moyo ulimuuma sana. Singa alikuwa amekaa naye mwaka Rukaya alipougua, akilala miguuni pake mchana kutwa wakati watu wote wako shamba. Kitu cha namna hiyo hakitiwi kwenye gunia.

Haukupita muda, Asnath, afisa mifugo wa kata, akafika na kiboksi chake cha barafu. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuchanja kuku dhidi ya ugonjwa wa kideri.

"Hodi! Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Habari za huko utokako?" Mustapha alianza. "Wazazi hawajambo? Pikipiki haisumbui? Na mvua je, huko kwenu imenyesha?"

Asnath alijibu yote kwa heshima. Lakini macho yake yalikuwa uwanjani.

"Mama, ni kuku gani huyo amefungiwa juani saa hizi?"

"Si kuku. Ni paka wangu. Ana kidonda, nakianika."

Asnath alikwenda moja kwa moja, akainua tenga. Akambeba Singa mpaka kivulini barazani. Alimshika kidevu taratibu, akatazama pua, kisha masikio, kisha ndani ya mdomo.

"Ana kidonda hiki tangu lini?"

"Tangu masika inaisha."

"Hakijawahi kupona kabisa?"

"Kinataka kupona, kisha kinarudi."

Asnath aliketi. "Mama, kidonda kisichopona ni cha kukiogopa, kwa mtu na kwa mnyama. Paka mweupe hana rangi ya kumkinga na jua. Puani na masikioni manyoya ni machache, ngozi iko wazi. Jua linamuunguza pale pale, mwaka baada ya mwaka. Mwishowe ngozi hiyo huweza kufanya saratani. Mbwa mwenye pua nyeupe naye hupatwa. Siwezi kuapa mpaka kipimwe, lakini nadhani ndicho hiki."

Rukaya aliliangalia tenga, akaliangalia na jua. Akakaa chini.

"Basi mimi ndiye niliyemuua," alisema, na machozi yakamtoka. "Kila siku namfungia. Yeye analia, mimi namwambia avumilie."

"Hajafa, mama. Na ugonjwa hukuuleta wewe. Ni jua la miaka yote aliyolala kwenye mahindi. Kumfungia kumezidisha, siwezi kukuficha. Lakini leo umeacha."

Mustapha alikohoa. "Afisa, mimi nina swali moja tu. Kinaambukiza?"

"Hapana, mzee. Saratani hii haitoki kwa paka ikaingia kwa mtu. Haiingii hata kwa paka mwingine."

"Una hakika? Nina mjukuu anakuja."

"Nina hakika. Mtoto mchanga asilale na paka, huo ni usafi wa kawaida, hata paka angekuwa mzima. Lakini kansa haimrukii mtoto."

Mustapha alishusha pumzi. Hata hivyo hakwenda kuliondoa gunia.

"Kuna dawa?" Rukaya aliuliza.

"Ipo. Korogwe kuna kliniki ya wanyama ya Daktari Godlisten. Vidonda vikubwa huvikata. Ila kwa vile vya juujuu, siku hizi ana taa. Imeletwa na mradi wa majaribio. Anapaka dawa, kisha anamulika kidonda."

Mustapha alicheka kwa mshangao. "Binti, unasema jua limemchoma. Sasa unataka akamulikwe tena? Aliyeungua na moto unamrudisha jikoni?"

"Swali zuri, mzee. Kamuulize daktari mwenyewe. Ila msichelewe. Kidonda kikizama ndani, taa haifiki."

Walisafiri wiki hiyohiyo. Rukaya alimtia Singa kwenye kikapu, akakifunika kwa kanga mbili. Mustapha alikubali kuwasindikiza, lakini alikuwa na gunia amelikunja kwapani.

"Hilo la nini?" Rukaya aliuliza.

"Basi la Korogwe linaendelea Mombo," Mustapha alijibu bila kumtazama. "Daktari akisema haponi, nitaendelea nalo."

Njia nzima Rukaya alikishika kikapu mapajani. Aliingiza mkono chini ya kanga, Singa akaulamba.

Daktari Godlisten alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mikono laini kwa wanyama. Mustapha alimsalimu mpaka wateja wengine waliosubiri wakaanza kukohoa. Kisha daktari alimchunguza Singa, akampa dawa ya usingizi, akachukua kipande kidogo sana cha kidonda.

"Hiki kinakwenda maabara," alisema. "Sitibu kwa kukisia. Rudini nyumbani, mkae naye ndani. Nitawapigia simu."

"Kwa hiyo hujasema haponi," Rukaya alisema haraka, akimtazama mumewe.

"Sijasema hivyo kabisa."

Gunia likarudi Kwaluguru, likatundikwa tena kwenye msumari wake.

Jibu lilipokuja, Rukaya alikuwa anapepeta mchele. Alikamata simu kwa mikono miwili.

"Mama, ni saratani ya ngozi," daktari alisema. "Lakini bado iko juujuu. Imewahiwa. Mlete."

Rukaya alicheka na kulia kwa pamoja. Nusu ya mchele ilimwagika, na kuku wa Kwaluguru siku hiyo walikula wali mbichi.

Huko kliniki, daktari aliwaingiza kwenye chumba chenye mapazia meusi. Katikati palikuwa na taa yenye mkono mrefu. Mustapha aliitazama kwa mashaka, kisha akatoa swali lake alilolihifadhi tangu siku ya Asnath.

"Daktari, kilichomuumiza ni mwanga. Kitamponyaje mwanga?"

Daktari alichukua kiberiti mezani. Akatoa njiti.

"Mzee, njiti hii peke yake inaunguza?"

"Hapana."

"Na huu ubavu wa kiberiti, peke yake?"

"Hapana."

"Nikivikutanisha je?"

"Moto."

"Basi ni hivyo. Njiti ni dawa nitakayompaka puani na masikioni. Itaingia kwenye ngozi, na zile chembe hai za ngozi zenye saratani huinyonya kwa wingi kuliko chembe nzima. Dawa peke yake haimdhuru. Ubavu wa kiberiti ni mwanga wa taa hii. Ni mwekundu, hauna ile miali ya jua inayounguza ngozi. Nao peke yake haumdhuru. Lakini ukiifikia dawa ndani ya zile chembe mbovu, moto unawaka humo humo. Chembe mbovu zinakufa. Chembe nzima nyingi zinabaki."

Mustapha alichukua kile kiberiti, akakigeuzageuza mkononi. "Sasa nimeelewa," alisema.

"Atasikia maumivu?" Rukaya aliuliza.

"Angekuwa macho angesikia, kama anaungua. Ndiyo maana nitamlaza usingizi."

Alimpaka Singa dawa na kumweka kwenye chumba chenye giza kwa saa kadhaa, ili dawa ipenye. Kisha akamlaza usingizi, akavaa miwani ya kukinga macho, akayafunika na macho ya Singa, akaivuta taa. Rukaya alichungulia kwenye upenyo wa pazia. Aliona wekundu tu, kama makaa ya jioni, na pua ndogo katikati yake. Alikuwa amejiandaa kuona jambo kubwa. Taa ilizimwa kabla miguu haijaanza kumchoka.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha. Sasa nisikilizeni vizuri, maana kazi iliyobaki ni yenu." Daktari alizungumza taratibu. "Njiti nyingine bado zimo kwenye ngozi yake. Akitoka juani sasa hivi, jua nalo litaziwasha, na ataungua mpaka penye uzima. Akae ndani, penye giza, mpaka nitakapowaruhusu. Pili, pua itavimba na kufanya gamba jeusi. Itatisha. Msilibandue, litaanguka lenyewe. Tatu, nimewapa dawa ya maumivu ya matone. Msimpe panadol. Kwa binadamu ni dawa, kwa paka ni sumu. Hata kipande kinaweza kumuua. Na mafuta ya kujikinga na jua ya watu msimpake hovyo, atayalamba."

"Hatarudi kuugua?" Mustapha aliuliza.

"Anaweza. Wengine hurudia, tukawamulika tena. Na kama kingekuwa kimezama, ningelazimika kukata. Mmekuja mapema, ndiyo nafuu yenu. Ila mkimrudisha juani, tutakutana tena hapa."

Waliondoka jioni, jua limeshatua, kikapu kimefunikwa kanga mara mbili. Singa aliwekwa ghalani, kwenye kiota cha magunia. Dirisha dogo la ghala Rukaya aliliziba kwa kadibodi.

Siku zilizofuata pua ya Singa ilivimba kama alivyosema daktari, ikawa nyeusi. Ilitisha kweli. Asubuhi moja Rukaya alimkuta Mustapha amechuchumaa ghalani. Mkononi alikuwa na nusu ya kidonge cheupe na kijiko cha maziwa.

"Unafanya nini?"

"Analia," Mustapha alisema kwa aibu. "Namvunjia panadol kidogo."

"Baba Hamisa! Daktari alisemaje?"

Mustapha alikitazama kidonge. Akatoka nje mbio, akakitupa chooni, akanawa mikono mara mbili. Rukaya alimpa Singa matone yake, akafunga mlango wa ghala huku anacheka peke yake. Mtu aliyetaka kumtupa paka Mombo, leo anamwonea huruma mpaka anataka kumuua kwa dawa.

Lakini siku ya Hamisa ilifika kabla gamba halijaanguka. Rukaya aliondoka mapema kwenda kumpokea stendi. Alimbeba mjukuu wake kwa mara ya kwanza, akamnusa shingoni, akasahau dunia. Njiani kurudi ndipo alipokumbuka maneno ya mumewe. Siku Hamisa atakayoingia humu, nisimkute paka huyu. Hakuwa ameyafuta maneno hayo.

Walipofika, Mustapha hakuwepo barazani. Hilo peke yake lilikuwa jambo la ajabu, maana mzee huyo hakuwahi kukosa mgeni wa kumsalimu, sembuse mjukuu. Rukaya aliingia ndani na mtoto mikononi. Akageuka kufunga mlango.

Msumari ulikuwa mtupu. Gunia halipo.

Alimpa Hamisa mtoto, akakimbilia nje kutazama pembeni mwa ghala, mahali pa kile kikapu. Kikapu nacho hakipo. Akilini alimwona Singa kwenye giza la gunia, na ile pua yake, akiachwa kando ya barabara kati ya abiria na mifupa, jua la mchana juu yake.

"Mama, kuna nini?" Hamisa aliuliza.

Kabla hajajibu, walisikia nyundo. Ilikuwa inagonga ndani ya ghala. Ko, ko, ko.

Rukaya aliusukuma mlango. Ndani palikuwa giza kuliko alivyopaacha. Mustapha alikuwa amesimama juu ya kinu, misumari mdomoni, anapigilia gunia kwenye dirisha. Chini yake, ndani ya kikapu, Singa alikuwa amelala fofofo.

"Kadibodi yako iliangushwa na upepo," Mustapha alisema akitoa misumari mdomoni. "Jua likaja kumpiga usoni. Nikamtia kwenye kikapu, nikatafuta kitu kizito cha kuzibia. Hili halipitishi mwanga. Nimelikunja mara mbili."

Rukaya aliegemea magunia ya mahindi akalia, na safari hii machozi yalikuwa matamu.

"Sasa unalia nini?" Mustapha aliteremka kwenye kinu. "Na mjukuu wangu yuko wapi? Hata sijamsalimu!"

Gamba lilianguka lenyewe kama alivyosema daktari. Chini yake palikuwa na ngozi mpya, laini, ya rangi ya waridi. Asnath alikuja akaitazama mchana, akaitazama tena kwa tochi, akatabasamu. Daktari Godlisten naye aliikagua, akaridhika, akaagiza wamrudishe kwa ukaguzi kila baada ya muda. Taa ya namna ile haipo kila mahali, na Asnath haachi kuwaambia watu hivyo. Ndiyo maana huwahimiza wamwone mapema, kidonda kingali kigamba tu, na wawaweke kivulini wanyama wao weupe kabla hakijatokea.

Singa sasa hutoka alfajiri na jioni. Jua likiwa kali, hukaa ghalani nyuma ya gunia lake, na panya wanajua yupo. Rukaya bado anaanika mahindi, magodoro na nguo za mjukuu. Hajagombana na jua. Amelipangia tu kazi zake.

Juzi alifika jirani yao Josefina akivuta mbwa wake, mweupe, mwenye gamba puani. Alimfunga kwenye mti mkavu katikati ya uwanja, juani, akaja barazani akiwa na salamu zake zote tayari.

"Hodi hapa! Shikamoo mzee Mustapha. Mmeamkaje? Mama hajambo? Mjukuu anaendeleaje?"

Mustapha alikwishasimama. Alimpita mgeni wake bila kuitikia hata neno moja, akaenda uwanjani, akaanza kuifungua kamba.

"Salamu baadaye," alisema. "Mlete kwanza mbwa kivulini."